Taa ya Mama Sosthenes

Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu ni kukaa. Jirani yangu Faustina, ambaye kichochoro kizima tunamwita Mama Sosthenes, hajui kukaa ni nini, na kwa miaka yote ambayo milango yetu imetazamana hapa Makorongoni, mjini Iringa, amenichosha macho. Asubuhi anakaanga vitumbua nje kwake. Anageuza kimoja, anakwenda kufukuza kuku, anarudi kugeuza kingine, anakumbuka kwamba mgonjwa wa nyumba ya tatu hajajuliwa hali, anaondoka, na mimi nabaki kumchungia kikaango huku suruali ya mtu ikiwa chini ya sindano. Kiguu na njia. Nikimwambia atulie kidogo, ananijibu kwamba kutulia ni kwa wafu na mafundi cherehani.

Katikati ya milango yetu kuna taa ya barabarani. Msidhani nazungumzia hizi mpya zenye kioo cha jua mgongoni. Hii ni nguzo ya chuma iliyoinama juu, na kichwani imevaa sahani ya bati ambayo zamani ilikuwa nyeupe na sasa kutu imeila pembeni. Mimi niliikuta. Wazee wanasema njia yote kuanzia sokoni ilikuwa na taa kama hizo. Moja iligongwa na lori la mbao, nyingine siku hizi inashikilia kamba ya kuanikia nguo, nyingine imejengewa ukuta wa baa ikabaki ndani kama mteja. Yetu ilisahaulika, basi ikaendelea kuwaka.

Inawaka kwa taratibu zake. Jioni inaanza na weusi wa zambarau, mtu mgeni anadhani imeharibika, halafu inapanda polepole mpaka inakuwa nyeupe yenye ubluu, na inanguruma kidogo. Umeme ukipepesa hata mara moja inazimika, na haiwaki tena mpaka ipoe. Huwezi kuiharakisha. Nimewahi kumwambia Mama Sosthenes kwamba Mungu aliwapanga kwa makusudi, taa isiyoharakishwa na mwanamke asiyengoja, mlango mmoja.

Sasa lazima niwaeleze habari ya kumbikumbi, maana bila hao haya yote hayana kichwa wala miguu.

Vijijini kwetu kichuguu kina mwenyewe. Kiwe shambani kwako au kwa mwingine, kama bibi yako ndiye aliyekuwa anakifunika majani na kukigongea vijiti ili kumbikumbi wadhani mvua imenyesha, basi ni chako, na atakayekwenda kuchota bila kukuomba ametafuta ugomvi wa kufikishana kwa wazee. Watu walipohamia mjini waliacha vichuguu lakini hawakuiacha sheria. Mjini kumbikumbi wanafuata taa. Kwa hiyo taa nayo ikapata mwenyewe. Hakuna aliyekaa kikao kuamua, ilikuwa tu hivyo, na watu walioona ni ajabu walikuwa wageni ambao walizoea baada ya mvua mbili.

Mwenye taa anafagia chini yake mvua zinapokaribia, na jioni ya kumbikumbi anapanga mabeseni ya maji. Sisi wengine kazi yetu ni kuzima. Unazima balbu, unazima televisheni hata kama mpira umefika penalti, ili wadudu wasigawanyike, waende wote pale. Ukitaka kuchota mwenyewe kwa ndoo yako, unakwenda kwa mwenye taa, unamsalimia, unasema, “Mwenyewe, naomba nichote.” Anasema chota. Hajawahi kusikika mwenye taa akikataa, lakini pia hajawahi kusikika mtu akichota bila kuomba. Asiyezima taa yake hapewi kitu, na kesho yake anaulizwa na watoto kwa nini macho yake ni makavu.

Mwenye taa wa kwanza ninayemkumbuka alikuwa Bibi Verediana, mama mkwe wake Faustina. Ukoo ule una vichuguu vizuri kule kijijini Kalenga, lakini vilikwenda kwa mke wa mtoto mkubwa, kama ilivyo desturi. Faustina alikuwa ameolewa na mdogo, mbeba mizigo wa sokoni, mwanamume mpole ambaye hakuwahi kuwa na chochote cha kugombewa. Walipanga chumba, na hata kitanda kilikuwa cha mwenye nyumba. Bibi Verediana alipoona magoti yamemkataa, jioni moja ya mvua alimwita mkwewe chini ya taa, mbele yetu wote, akamkabidhi fagio na beseni. Mimi nilikuwa kijana, nilicheka. Faustina alilia, na nilishangaa mtu analilia nini, kumbe ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kupewa kitu ambacho watu wangelazimika kumwomba.

Mume alifariki, Mungu amrehemu. Mtoto wao wa pekee, Sosthenes, alisoma, akaenda Mbeya, sasa ana duka la vipuri Mwanjelwa na nyumba yenye geti. Alioa binti wa Rungwe anaitwa Lea, mwalimu wa chekechea, mwenye adabu mpaka unajiona wewe huna. Na tangu Sosthenes ajenge ile nyumba, wimbo wake ni mmoja: mama ahamie Mbeya.

Alikwenda mara moja kujaribu. Tuliambiana kwaheri vizuri, mimi nikapata amani ya macho, na kabla sijaizoea akarudi. Nilimuuliza kulikoni. Alisema hana la kulalamika, wamemtunza kama yai. Ila akishika fagio, binti wa kazi anamnyang'anya. Akiingia jikoni, Lea anakuja mbio na kiti: “Mama, wewe kaa tu, upumzike.” Akitoka nje, geti. Jirani hawamjui, wanamwita bibi. Alikaa kwenye kochi mpaka miguu ikaanza kumwasha.

Tangu hapo kila mwaka ana jibu moja. Sosthenes akipiga simu, mama anasema, “Nitakuja, baba. Ngoja kumbikumbi wapite.” Kumbikumbi wakipita, panakuja Krismasi, halafu kipindi cha kupalilia bustani, halafu Pasaka, halafu baridi ya Iringa inayomfanya aseme Mbeya kutakuwa na baridi zaidi, na ghafla mawingu yanajikusanya tena na kumbikumbi wanakaribia. Sosthenes siyo mjinga. Alikuwa anamwachia tu, kwa sababu sababu ilikuwepo na ilikuwa na nguzo ya chuma.

Mwaka jana, mvua zikiwa zinanukia, tukasikia taa mpya zinaletwa kwenye vichochoro. Akaja fundi wa mkandarasi, kijana anaitwa Anord, na gari lenye ngazi. Alisimama chini ya taa yetu akaitazama kama mtu aliyemkuta babu yake kwenye foleni. Kisha akamuuliza mwenyekiti wetu wa mtaa, Eliezeri, ambaye alikuwa amemsindikiza, “Hii ni ya nani?”

Anord alitaka kujua kama ni ya halmashauri au ya nani huko maofisini. Eliezeri amezaliwa kichochoro hiki. Hakufikiri hata kidogo. Akasema, “Ya Mama Sosthenes.”

“Mtu binafsi?”

“Aliachiwa na mama mkwe wake.”

Nilikuwa kwenye cherehani yangu, nilisikia yote, na sikuona kosa lolote. Angeniuliza mimi ningejibu hivyohivyo. Anord alijikuna kichwa, akavuka, akamkuta Faustina anaosha kikaango.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Kamwene,” akamwongezea salamu ya Kihehe.

“Kamwene mama. Nimeambiwa ile taa ni ya kwako.”

“Ni ya kwangu.”

“Sasa mama, sisi tunaweka mpya pale kwenye kona. Hii tulitaka kuing'oa, imeshachakaa. Lakini mimi siwezi kung'oa kitu cha mtu. Ukisema tuitoe, tutaitoa Jumatatu ya wiki ijayo tukija na kreni. Ukisema ibaki, mimi naiandika ni ya mtu binafsi, naendelea na safari yangu.”

Faustina alifuta mikono kwenye kanga yake akasema atafikiri. Anord akampa namba ya simu akaondoka.

Ningekuwa mimi ningesema ibaki, nirudi kuosha kikaango. Lakini hapo ndipo mateso yake yalipoanza, na yangu pia kwa sababu naishi mbele yake. Sosthenes alikuwa tayari ameshasikia kwamba taa za zamani zinang'olewa Iringa, akapiga simu ana furaha. “Mama, sasa hakuna tena cha kusubiri. Mungu mwenyewe amekuamulia.” Faustina hakumwambia kwamba Mungu amempa yeye namba ya simu ya fundi. Akisema ibaki, mtoto atajua kwamba mama hataki kuja kwake, na sababu ya kila mwaka itavuliwa nguo hadharani. Akisema itoke, amekwenda Mbeya.

Wiki ile alitembea mpaka nikapata kizunguzungu. Alitoa begi uvunguni akapanga nguo, akazitoa, akazipanga tena. Alipanda Gangilonga kutazama taa mpya, akarudi akasema zina mwanga mzuri lakini baridi. Akaenda Kihesa kutazama nyingine, akauliza watu wa huko kama kumbikumbi wanazipenda, wakamwambia msimu uliopita walipita tu juu wakaenda zao. Alikuja kuniambia habari hiyo kana kwamba ni msiba. Akapika vitumbua vikaungua, na hilo halikuwahi kutokea hata siku ya mazishi ya mumewe.

Mwishowe alisimama mlangoni kwangu, amekunja mikono.

“Baba Tekla, wewe ungefanyaje?”

“Ningekaa chini kwanza,” nikasema, maana nilikuwa nimechoka.

Hakucheka. Alikaa kweli, kwenye kigoda cha wateja, na hapo nikajua mambo ni mazito.

“Mimi naogopa,” akasema. “Watu wanafikiri nang'ang'ania wadudu. Hapa mtu akitaka kuchota, hata awe na gari, lazima aje mlangoni kwangu aseme, mwenyewe, naomba. Kule sina cha kuombwa. Wananipenda, Baba Tekla, wananilisha, lakini hakuna anayeniuliza kitu. Hata chumvi hawaniulizi.”

Nikamwambia mtoto ni mtoto, asimvunje moyo. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo watu wanavyosema. Aliinuka, akashukuru, akaenda kumpigia Anord simu akamwambia Jumatatu aitoe. Halafu akampigia Sosthenes akamwambia aje amchukue. Alifanya yote mawili amesimama nje, kwa sauti, ili asije akajirudi. Shingo ilikuwa upande kabisa, na kila mmoja wetu aliiona.

Sosthenes alifika Ijumaa na gari lake, Lea pembeni. Jumamosi walitakiwa waondoke asubuhi, lakini kuaga kichochoro siyo mchezo. Kila nyumba ilitaka angalau chai. Mchana ulipopinduka anga likawa jeusi upande wa Kalenga, upepo ukaja na vumbi, na mvua ya kwanza ikashuka na mawe yake, ikapiga mabati mpaka hatukusikizana. Ilipokatika ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili. Hewa ilinukia udongo. Sosthenes alitazama saa, akasema wakitoka sasa watalala Makambako kwa shemeji yake, kesho wamalizie. Mabegi yalikuwa tayari kwenye buti. Faustina alikuwa amevaa gauni la safari nililomshonea mwenyewe. Aliingia garini akakaa kiti cha nyuma, akafunga mlango.

Taa ikaanza kuwaka, zambarau yake ile.

Ilipofikia weupe wake, kumbikumbi wakaja. Kwanza wachache wanaogonga sahani ya bati, tik, tik, kisha kundi, kisha hakuna tena nafasi ya hewa kati ya mdudu na mdudu. Ungesikia swichi zikilia nyumba kwa nyumba. Mimi nilizima yangu, na jirani yangu wa kushoto alizima taarifa ya habari katikati ya sentensi. Tukatoka na ndoo, masufuria, ungo, watoto na vikombe, tukazunguka taa. Halafu tukasimama.

Hapakuwa na beseni hata moja chini. Hakuna aliyefagia. Mwenyewe alikuwa ndani ya gari, dirisha limepandishwa, anatazama mbele.

Kumbikumbi walianguka kwenye matope, wakapoteza mabawa yao, wakatambaa kuelekea kwenye mtaro. Chakula chote kile. Mtu mzima mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya ugali, mate mdomoni, na sikuinama. Eliezeri, mwenyekiti, mwenye muhuri wa serikali mfukoni, naye hakuinama. Mtoto mmoja aliinama akavutwa sikio. Niliwaka hasira, sijui kwa nani. Kwa Sosthenes aliyekuwa anafuta kioo cha gari, kwa Faustina anayejifanya haoni, kwetu sote tuliosimama kama tunapigwa picha.

Lea alikuwa bado hajaingia garini. Alitutazama, akatazama chini, akanisogelea.

“Baba, shikamoo tena. Mbona hamchoti?”

“Mwenyewe hajaombwa,” nikasema.

“Mwenyewe nani?”

Nilielekeza kidevu kwenye gari. “Mama mkwe wako. Taa ni yake.”

Nilifikiri atacheka. Hakucheka. Alimtazama mama kupitia kioo, na niliona uso wake unabadilika, kama mtu anayefanya hesabu ya zamani na sasa jibu linakuja tofauti.

“Bibi yangu alikuwa na kichuguu,” akasema taratibu. “Kule kwetu. Nilikuwa natumwa na majirani kuwaombea ruhusa.”

Alivua viatu. Alikuwa na sketi nzuri ya rangi ya maziwa na aliingia nayo kwenye matope mpaka mlango wa nyuma wa gari, akapiga magoti. Sosthenes alisema, “Lea, unafanya nini,” naye hakumjibu. Aligonga kioo kidogo kwa kidole. Kioo kikashuka.

“Mwenyewe,” Lea akasema, “naomba nichote.”

Faustina alimtazama kwa muda mrefu. Tangu Lea aolewe, nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwake kumwomba mama mkwe wake kitu badala ya kumpa.

Mlango ulifunguka. Alishuka na gauni la safari, akazunguka nyuma ya gari, akafungua buti, akaanza kutupa mabegi ya watu pembeni mpaka akafika chini kabisa. Beseni lake lilikuwa huko, kubwa la bati, na ndani yake fagio limefungwa na kanga. Kumbe alikuwa anakwenda nalo Mbeya. Kwa kazi gani, sijui, kule ambako haruhusiwi hata kushika fagio la ndani.

Hakupanga beseni. Alimpa Lea. Beseni kwanza, halafu fagio, kwa mikono miwili, mbele yetu, kama alivyopewa yeye.

“Ni yako,” akasema. “Fagia.”

Kila mmoja alijua kwamba taa ile Jumatatu inang'olewa, kwamba anampa mtoto wa watu kitu ambacho hakitakuwepo keshokutwa. Kwa kweli iliniuma. Nilijipangusa usoni nikisingizia mdudu.

Lea alifagia matope, akapanga beseni, akamimina maji. Akatugeukia, hajui aseme nini, nasi tukamsaidia: tukamsalimia, tukaomba mmoja mmoja, naye akamjibu kila mmoja: chota, baba, chota, mama. Alikuwa na aibu na alikuwa anafurahi. Sufuria yangu ilikuwa imefika nusu umeme ulipopepesa. Taa ikafa.

Giza, na mabawa usoni. Tulijua tutasubiri mpaka ipoe, kwa hiyo tulisimama hapohapo, na gizani maneno yanasikika hata yasiyokuhusu.

“Mama,” ilikuwa sauti ya Lea. “Sasa mwenyewe ni mimi?”

“Ni wewe.”

“Na Jumatatu huyo fundi ameruhusiwa na nani?”

“Na mimi.”

“Lakini mwenyewe ni mimi.”

Tukasikia Faustina akigusa beseni, maji yakacheza.

“Mimi sijaruhusu,” Lea akasema. “Halafu mimi naishi Mbeya, nina watoto wa watu darasani, siwezi kuja Iringa kila wingu likijikunja. Nahitaji mtu wa kukaa hapa anifagilie. Mtu ninayemwamini.”

Tukasikia mtu mzima analia, siyo kwa sauti, ila kwa pumzi, kama mtu aliyebeba mzigo mlima mzima na sasa ameutua.

“Nilikuwa nakwambia upumzike,” Lea akasema. “Nilidhani ndiyo heshima. Unisamehe, mama.”

“Na mabegi?” Sosthenes akauliza kutoka upande wa gari. Alisikika mtoto kabisa.

“Shusha,” wakamwambia wote wawili.

Walilala hapa. Jumapili walikwenda kanisani, wakala kumbikumbi wa kukaanga na ugali, Sosthenes akalalamika kidogo ili isionekane ameshindwa vibaya, wakaondoka wawili kama walivyokuja.

Jumatatu Anord alifika na kreni. Faustina alikuwa kwenye kikaango chake. Nilizima cherehani ili nisikie.

“Shikamoo mama. Tumekuja kuing'oa.”

“Marahaba mwanangu. Mimi siyo mwenyewe tena. Nimeshaikabidhi kwa mkwe wangu, yuko Mbeya. Mimi nafagia tu.”

Anord alinitazama mimi. Nikainamia suruali niliyokuwa naishona. Alimtazama Eliezeri, aliyekuwa amemsindikiza tena, naye akathibitisha kwa kichwa kwamba ndivyo ilivyo, makabidhiano yalifanyika mbele ya mwenyekiti. Basi kijana wa watu akatoa simu, akapewa namba, akaweka sauti ya nje kwa sababu dereva wa kreni alikuwa ameacha injini ikinguruma.

“Dada, wewe ndiye Lea? Naambiwa hii taa ya Makorongoni ni ya kwako.”

“Ni yangu,” sauti ikasema, na nyuma yake watoto wadogo walikuwa wanaimba kuhesabu.

“Sasa tuing'oe au tuiache?”

“Hilo siwezi kuamua peke yangu, kaka. Muulize mama.”

Anord aliisogeza simu kwa Faustina, ameshaanza kukata tamaa na sisi. “Mama, anasema uulizwe wewe.”

Faustina alinyooka. Kijiko kilikuwa mkononi, unga wa mchele mpaka kwenye kiwiko. Alimtazama yule kijana, akatutazama na sisi tuliokuwa tumetoka milangoni, kila mmoja anangoja atasema nini.

“Ibaki,” akasema, na akageuza vitumbua vyake kabla havijaungua.